Kamera Isiyo na Kisogo

Kazi yangu kwenye tamasha ni kushika mabega.
Ukumbi ni kiwanda kikuukuu cha pamba, hapa Łódź,
sakafu bado inanuka mafuta ya mitambo ya kufuma.
Nimebandika utepe wa njano, hatua tano kwa tano,
viti vinne vinavyozunguka, miwani minne mizito
ninayoifuta kwa spiriti kila baada ya uso.

Wanauita uhalisia pepe.
Pepe, kama punje isiyo na kiini.
Mtu huketi, nikamfunika macho, na papo hapo hayupo.
Mwili ninabaki nao mimi.
Namwona akimkwepa mbwa nisiyemwona,
akiinamia mlango mfupi ambao haujajengwa,
akinyoosha mkono apokee kikombe
cha hewa.
Zamani sinema ilituketisha safusafu gizani,
kicheko kikapita kiti kwa kiti kama njugu za kugawana.
Sasa huyu anacheka, wa kando yake analia,
wala hawajui kwamba magoti yao yamegusana.

Jumanne, theluji ikiwa imezika reli za tramu,
akaja Bi Halszka Wrzos, miaka themanini na mmoja,
mhariri wa filamu tangu enzi za mkasi na gundi.
Alivua glavu moja tu.
"Niambie, picha inaishia wapi?"
Haiishii, mama. Haina pembe.
"Basi mwongozaji alisimama wapi?"
Kabatini, nikamjibu. Bogna alijifungia kabatini,
mafundi taa wakafukuzwa mpaka uani,
maana kamera ile ni tufe la macho, haina kisogo.
Akaguna.
"Miaka arobaini," akasema, "riziki yangu
imetoka kisogoni mwa kamera."

Filamu ni ya dakika kumi na mbili:
jikoni, mume na mke, nyumba iuzwe au isiuzwe.
Mimi naijua kwa vichwa vya watu.
Dakika ya tatu, wote kushoto: sahani imevunjika.
Ya saba, wote juu: nyayo za mtoto darini.
Ya kumi, wote mlangoni.
Alizeti na jua lao.

Yeye hakufuata.
Sahani ilipovunjika, alitazama dirisha.
Nyayo zilipopita, alitazama dirisha.
Akupaye kisogo si mwenzio, walisema waliosema;
naye aliwapa kisogo mume na mke dakika tisa nzima,
waugombanie mgongo wake wa koti la kijivu.

Kisha akasimama. Hairuhusiwi kusimama.
Akauvuka utepe wangu, yeye aliyeishi kwa mipaka,
akanyoosha viganja vyote aegemee kingo ya dirisha,
na kingo haikuwepo.
Nikamdaka.
Alikuwa mwepesi kuliko miwani.

Nilipomvua, duara jekundu lilimzunguka macho.
Nikadhani ataniuliza nani alishinda.
"Kuna mwanamke," akasema, "ng'ambo ya ua, anaanika shuka.
Hajui kama anapigwa picha.
Angefika mezani kwangu, ningemkata.
Ni wangapi niliowakata, kijana?
Unakata, kinaanguka sakafuni, jioni fagio linapita."
Akaanza kuitafuta glavu yake.
Ilikuwa mkononi.

Sikumwambia kwamba nimeitazama filamu ile
mara mia na ushei
na huyo mwanamke sijapata kumwona.

Usiku, watu walipokwisha, niliketi kwenye kiti chake.
Nikavaa miwani, bado ina joto la mtu mwingine,
nikawapa kisogo.
Nyuma yangu mume akapaza sauti.
Dirishani, mbali, kadiri ya punje ya mtama,
mkono ulikuwa unanyoosha kitu cheupe.
Nikainuka nisogee,
na bega langu halikuwa na wa kulishika.